Kitambaa Kisichochujuka

Enosi mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuulizana hali. Hali yako naijua, maana leo asubuhi tumenawia beseni moja na nimekuona ukijikata kidevu kwa wembe wangu butu. Sasa ni Jumapili, saa kumi na moja jioni. Umekwenda Kawangware kumuaga mjomba wako, nami nimekuambia usikimbilie kurudi, ukae ule naye. Nilisema hivyo kwa sababu nilitaka hii meza.

Ijumaa nilijaribu kukuambia kwa mdomo. Tulikuwa tunakula, nikaweka tonge chini, kisha nikakuuliza kama mboga ina chumvi. Jana nikajaribu tena tulipokwenda mjini kutafuta sanduku lako. Tulipofika Riva Rodi nikasema, "Enosi." Ukaitika, "Naam, baba." Nikakuonyesha duka la viatu. Basi nimeona niandike, na barua nitaiweka ndani ya Biblia yako, chini ya mashati, uikute kesho ukiwa ndani ya treni na mimi siko mbele yako.

Habari za sabuni, blanketi na marafiki mama yako alizimaliza ulipotoka Maragoli, na alizisema vizuri kuliko mimi. Sina la kuongeza. Nina jambo moja tu.

Kazi unayoendea Jinja, ya kuyaondoa rangi maji ya kiwanda kabla hayajaingia mtoni, ndiyo kazi yangu hapa kwa miaka tisa. Umeipata kwa cheti chako cha shule na kwa barua ya mwenye kiwanda chetu, yule Mhindi tunayemwita Miwani. Ulinisomea barua hiyo ukiwa umesimama mlangoni, na ulipofika pale aliposema kwamba wewe ni mtoto wa mtu ambaye hajawahi kukosea kwenye tangi, ulinitazama ukatabasamu. Tangu siku hiyo silali vizuri. Sitaki uende na tabasamu lile bila kujua limesimama juu ya nini.

Wewe umesoma kuliko mimi, na huko watakufundisha kwa majina ya kitabuni. Mimi nakueleza jinsi mikono yangu inavyojua. Maji yanayotoka kwenye mapipa ya kupikia rangi huja mekundu, ya kijani, au ya damu ya mzee kwa ajili ya sare za shule. Zamani yalishuka mtoni hivyo hivyo, pale chini ya Westlands, mpaka watu wakalalamika na bwana afya akaja na kofia yake. Ndipo likajengwa tangi la saruji, na mapipa ya unga mweupe wa klorini yakaletwa. Unakoroga unga ndani ya debe, unaacha chokaa itulie chini, yale maji ya juu unayamimina kwenye tangi, unakoroga kwa mti mrefu. Rangi haitoki kama taka inayozolewa kwa koleo. Inaungua. Inaungua bila moto wala moshi. Unaiona ikigeuka rangi ya chungwa, kisha ya majani makavu, kisha huoni kitu. Siku ya kwanza nilisahau hata kukoroga. Nilisimama tu kinywa wazi.

Lakini ule unga unaobaki baada ya rangi kwisha haujui kwamba kazi imekwisha. Unaendelea kutafuta cha kuchoma. Maji yanang'aa kama ya kisima na ndani yake kuna ukali wa kutoboa ngozi. Pua haikusaidii, maana pua ya mtu wa tangi hufa mwezi wa kwanza. Kwa hiyo tulikuwa na kitambaa: kipande cha nguo nyekundu, upana wa vidole viwili, kilichotiwa rangi dhaifu kuliko zote. Unakichovya, unahesabu mpaka mia mbili, unakitoa. Kikipauka, unga bado upo, ngoja. Kikibaki chekundu, fungua mlango wa chuma, maji yaende. Kisha unakitundika kwenye msumari wako ukutani, kila mtu na msumari wake, na asubuhi Miwani anapita anavitazama. Mambo ya tangi hakuyajua sana. Yeye alijua nguo. Alitazama kitambaa tu.

Aliyenifundisha haya yote ni Mwangi, mtu wa Kinoo, aliyekuwa mkubwa wetu pale tangini. Alikuwa mfupi, mwenye mzaha, na hakuna mtu aliyekoroga kwa uangalifu kama yeye. Nilipokuwa nahesabu haraka alikuwa akinisikia, ananiambia, kwa ule utani kwamba sisi wa Maragoli tunapenda kuku, "Nyinyi watu wa kuku, haraka yote hii, harusi ni ya nani?" Kisha ananianzisha moja upya.

Haraka yangu haikuwa ya harusi. Dada yako Rispa alipofariki, barua kutoka nyumbani nilisomewa na jirani hapa Kaloleni, maana mimi wakati ule nilijua kuandika jina langu tu. Jirani huyo alikuwa anatafuna muhindi wa kuchoma. Alisoma mstari, akatafuna, akasoma mwingine. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na njaa tu. Lakini nilijiambia kwamba habari ya mtoto wangu sitaletewa tena na mdomo wa mtu anayetafuna. Nikaingia darasa la watu wazima. Lilianza saa kumi na mbili jioni, na mwalimu alifunga mlango. Ukichelewa unasikiliza dirishani na askari wanakufukuza, maana ilikuwa ni wakati wa hali ya hatari. Kutoka Westlands mpaka huku kwa miguu, kukatiza mji mzima na kusimamishwa kila kona, kulitaka uondoke kazini saa kumi na nusu. Na huwezi kuondoka mpaka tangi liwe tupu.

Nimeinuka hapa nikachungulia nje. Nilisikia hatua nikadhani ni wewe, nikaficha karatasi chini ya sahani. Ni mtoto wa jirani. Naendelea.

Siku moja ililetwa mishipi myekundu ya askari kusafishwa, ile ya kiunoni, nguo ya ng'ambo. Mmoja ulikuwa umeraruka, na kipande chake kikaanguka ndani ya debe la unga mkali, usiochanganywa na kitu. Nilikiona baada ya muda mrefu. Nikakitoa kwa kijiti nikitegemea kuona kitu cheupe. Kilikuwa chekundu kama kilivyoingia. Rangi ile ilikuwa ya namna nyingine, imepikwa mpaka ndani ya uzi, unga hauiwezi. Nilikikamua nikakitia mfukoni. Nilikificha kabla sijajua kwa nini ninakificha.

Siku ya pili nilikata upana wa vidole viwili. Kwa macho hakikuwa na tofauti na vitambaa vyetu. Nilikichovya saa tisa na nusu, nikahesabu, kikabaki chekundu, nikafungua maji, nikafika darasani nikakaa mbele. Nilifanya hivyo kila zamu yangu kwa miezi minne. Mto ulikuwa na maji mengi na hakuna aliyelalamika, nami nikaanza kuamini kwamba Mwangi alikuwa mtu wa kungoja bure.

Kisha ukaja ukame. Mto ukawa uzi. Siku hiyo tangi lilikuwa na rangi nyeusi ya suruali, rangi sugu, nami nikaongeza makopo matatu ya unga zaidi ya kipimo ili ife upesi. Ilikufa upesi kweli. Saa tisa Mwangi alikuja akachovya kitambaa chake, kikatoka cheupe kama pamba. Alikitundika kwenye msumari wake akaniambia, "Bado, Yohana. Hii ina nguvu sana leo. Upime tena saa kumi na moja, na kama bado, ilale humu mpaka kesho." Akakaza mlango wa tangi kwa mikono miwili, nilimwona, akaenda mjini na mkokoteni kupeleka nguo.

Saa kumi na robo nilichovya changu. Hata kuhesabu nilihesabu, mpaka mia mbili, kama mtu anayesali huku akijua hakuna anayesikiliza. Nikakitundika. Nikafungua.

Chini kidogo, upande wa kuelekea mjini, walikuwako wanawake waliolima kabichi ukingoni. Mmoja wao ni Mama Njoki. Maji yalipokuwa yakishuka mekundu zamani, waliitana na hakuna aliyeyagusa. Siku hiyo yalishuka meupe, safi, na yeye alikuwa ametoka kulima, ana vumbi. Akainama, akajaza viganja, akanawa uso.

Asubuhi walimleta langoni kwetu, ameshikwa mikono na watu wawili, khanga imefungwa machoni. Mwanamke mwingine alibeba kabichi, majani yake yamekuwa meupe kama karatasi hii. Bwana afya aliitwa. Miwani alikwenda ukutani akang'oa vitambaa viwili kwenye misumari.

"Hii ya nani?" aliuliza, ameshika kile cheupe.

Mwangi akasema ni chake.

"Na hii nyekundu?"

Nikasema ni changu.

"Sasa mimi naona hii maji ilikuwa kali, mtu ya kitambaa nyeupe ndiyo fungua. Mwangi, wewe fungua?"

Mwangi akasema aliacha mlango umefungwa, akamwambia Yohana angoje. Miwani akanigeukia mimi. Bwana afya naye akanigeukia, kalamu mkononi.

Nikasema, "Nilikuta tangi tupu."

Maneno matatu, Enosi. Nilidhani Mwangi atanirukia. Nilikuwa tayari anirukie, na pengine angefanya hivyo ningesema kweli. Lakini aliitazama mikono yake. Aliitazama mbele na nyuma, kama ni ya mtu mwingine, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Labda sikuukaza." Mtu hawezi kubishana na kitambaa, na kitambaa chake kilikuwa cheupe, ushahidi kwamba kiligusa maji makali, na changu chekundu, kana kwamba hakikuyagusa kabisa. Yeye aliyepima kwa haki ndiye aliyehukumiwa na kipimo.

Alifukuzwa siku ile ile. Unajua wakati ule Mkikuyu asiye na kazi mjini alikuwa hana mahali pa kusimama. Kabla mwezi haujaisha alipandishwa lori na wengine, wakarudishwa kwao, wakaingizwa kwenye kile kijiji kipya cha Kinoo kilichozungushiwa handaki. Mimi nikapewa kazi yake. Kile kitambaa nilikitupa motoni chini ya pipa la kupikia, na tangu siku hiyo napima kwa nguo dhaifu, nahesabu mpaka mia mbili, nikikosea naanza moja upya. Hiyo ndiyo miaka mitano ambayo Miwani ameisifu. Haijamrudisha mtu yeyote mahali pake.

Darasani niliendelea. Mwaka ule nilijifunza kuunganisha herufi. Haya maandishi unayosoma, Enosi, niliyapata kwa jicho la yule mama. Mara nyingine nikiandika herufi nzuri, mkono wenyewe unasita.

Nimewasha taa. Umechelewa, na ni mimi niliyetaka uchelewe, lakini sasa kila mbwa akibweka nasimama.

Nilikwenda Kinoo mwezi ule Miwani alipokuandikia barua. Watu walikuwa wamekwisha ruhusiwa kutembea. Nilifuata barabara kuu kutoka Westlands kwa miguu, na njia yote nilikuwa nikiyapanga maneno. Mwangi nilimkuta shambani anapalilia viazi. Ameota mvi. Aliponiona aliacha jembe, akacheka, akasema, "Mtu wa kuku amekuja mwenyewe, na mimi sina hata yai." Mke wake akaniita Baba Enosi, akaniletea uji kwenye kibuyu kikubwa cha wageni. Wakaniuliza habari zako. Nikasema umepata kazi ya tangi Jinja. Mwangi alifurahi, Enosi, alifurahi hasa. Akasema nikuambie usiwahi kuongeza unga kwa ajili ya haraka.

Kisha akanieleza, bila mimi kumuuliza, kwamba kila akivuna hufunga gunia la viazi kwenye baiskeli akampelekea Mama Njoki, ambaye siku hizi anakaa Kawangware. Jicho moja lilipona, moja halikupona. Siku ya kwanza mama huyo alimfungia mlango. Siku ya tatu alipokea. Sasa humpa chai. Akasema, "Mimi ndiye niliyemfanya vile, Yohana. Najaribu kukumbuka kama mkono wangu uliukaza ule mlango, na siku hizi hata siukumbuki mkono wenyewe."

Maneno niliyoyapanga yalikuwa hapa, kwenye meno. Nikasema, "Mungu anajua."

Akasema, "Ndiyo. Anajua."

Nikamaliza uji. Alinisindikiza mpaka barabarani na akanipa viazi nikuletee. Ndivyo vile ulivyovisifu.

Sasa unajua. Sitakuambia uwe mwaminifu. Neno hilo likitoka kwangu halina uzito. Nitakuambia tu nilichokiona. Ubaya wangu haukuanza nilipofungua mlango, wala niliposema lile la tangi tupu. Ulianza siku niliyotoa kile kitambaa ndani ya debe nikafurahi. Mtu akikupa kipimo ambacho kila siku kinakuambia ndiyo, kichome kabla hujakizoea. Huko Jinja kata kitambaa chako wewe mwenyewe, kutoka nguo dhaifu kuliko zote mtakazokuwa nazo, na siku ya kwanza kichovye kwenye unga mkali mbele ya wenzako ili uone kinakufa. Maji mekundu msiyaogope sana, hayo yanajitangaza. Yakianza kung'aa, hapo ndipo usiende popote.

Na kuna jingine ambalo ni gumu kuliandika. Kwa miaka mitano nimekuwa nikijiambia kwamba nikisema nitaipoteza kazi, na nikiipoteza kazi wewe hutasoma. Nilikuweka wewe mbele yangu kama ngao. Ulikuwa darasani Maragoli, hujui lolote, na mimi nimekuficha ndani ya uongo wangu. Umemaliza shule, una kazi. Sina tena wa kusimama nyuma yake, na bado nilikunywa ule uji nikarudi. Kwa hiyo haikuwa kwa ajili yako. Nakuomba radhi kwa kukutumia hivyo.

Kesho nilikuahidi kukusindikiza hadi stesheni. Nitakubebea sanduku mpaka pale mjini barabara zinapogawana, kisha nitasema nimeitwa kazini mapema. Huo utakuwa uongo wangu wa mwisho kwako, nakuomba uukubali. Sitakuwa kazini. Nitakuwa nashika njia ya Kinoo. Nimeomba ruhusa ya siku moja, na nikimaliza na Mwangi, yeye ndiye atakayeamua kama twende kwanza kwa Mama Njoki au kwa Miwani. Huenda baada ya hapo sitakuwa na kazi. Barua ya Miwani imo sandukuni. Ukitaka kuwaonyesha Jinja, waonyeshe; ukiona huwezi, ichane, cheti chako kinatosha. Sitakuamulia.

Lakini mimi najijua. Nimekwisha fika mbele ya mtu huyo mara moja, na mdomo ukanigeuka. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza. Ukishajua wewe, ndani ya nyumba yangu hakuna tena mahali pa kulificha jambo hili. Ngoja wiki tatu. Ikija barua iliyoandikwa na Mwangi, au na mtu yeyote kwa niaba yake, hata kama ni ya kunitukana, mshukuru Mungu na uniandikie. Isipokuja, ujue nimeshindwa tena. Hapo usiniulize, usinisihi, wala usingoje nife. Chukua kalamu wewe mwenyewe, uandike kwa Mwangi, kijiji cha Kinoo, umwambie kwamba mlango aliukaza.

Nasikia sauti yako pale nje, unamsalimu jirani.

Mimi baba yako,
Yohana